MWANA KUPONA: MAMA ALIYEAGA KWA WINO NA KARATASI



Ndugu zangu katika Uislamu, mwezi mtukufu wa Ramadhan ukiingia kila nyumba hujikuta inahesabu watu. Aliyekaa pale kwenye mkeka wa futari mwaka jana, akiuliza kama uji umetiwa pilipili manga, mwaka huu hayupo. Ni jambo la kila mwaka na kila mwaka linatushika vilevile. Basi katika kurasa hizi tumeona tumzungumze mama mmoja wa pwani yetu ya Kenya aliyejua kwamba safari yake i karibu, na alichokifanya na muda uliombakia. Jina lake ni Mwana Kupona binti Msham. Wengi wetu tulimsoma shuleni kwa sababu ya mtihani, tukasahau siku ya pili yake.

Mwana Kupona alizaliwa katika kisiwa cha Pate, kule Lamu. Akaolewa na mtu mkubwa, Sheikh wa Siyu, ambaye watu walimwita Bwana Mataka. Siku hizi ukitaja Siyu kijana wa mjini atakuuliza ni wapi. Lakini zama hizo Siyu ilikuwa na jina. Mafundi wake walichonga milango, walishona viatu vya ngozi, walifua panga na majambia. Na waandishi wake walinakili misahafu kwa mkono, hati nzuri yenye mapambo, ambayo mingine ipo mpaka leo. Pia ilikuwa ngumu kama jiwe. Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar na Oman, aliitaka miji yote ya pwani iwe chini yake. Lamu ilikubali mapema. Mombasa ikaanguka mwaka wa 1837. Siyu haikutaka, na Bwana Mataka alipambana naye kwa miaka mingi. Jeshi la Sultani lilipokuja katika miaka ya 1840 chini ya amiri Hamad, watu wa Siyu walilirudisha na amiri mwenyewe akauawa.

Fikiri basi maisha ya mke katika nyumba hiyo. Bwana yuko vitani, akirudi haijulikani atakaa siku ngapi. Si ajabu kwamba Mwana Kupona alikuja kuandika sana juu ya namna ya kumpokea mtu nyumbani, kumwacha alale, kumpepea asiamke kwa kishindo. Alijua thamani ya usiku mmoja wa amani.

Mwaka wa 1856 Bwana Mataka akafariki. Na mwaka huohuo Sayyid Said naye akafia baharini akirudi kutoka Muscat kuja Zanzibar. Wanaume wawili waliogombania kisiwa kwa miaka na miaka, wote wakaenda mwaka mmoja, na kisiwa kikabaki pale pale kilipo. Subhanallah.

Mwana Kupona akabaki mjane na watoto wawili, mwana wa kiume, Muhammad, na binti, Mwana Hashima. Kisha yeye mwenyewe akashikwa na maradhi. Yalimkaa mwaka mzima, na ndani ya mwaka huo, anavyotueleza katika utendi wake, hakuwahi kumpa bintiye neno jema la kumfaa. Hapo mimi husita kila nikisoma. Mgonjwa wa mwaka mzima ana kila sababu ya kujihurumia. Ana maumivu, ana mashaka ya kesho, usingizi haupati. Yeye kilichomsumbua ni deni la maneno! Hashima wakati huo alikuwa msichana wa miaka kama kumi na saba. Baba hana. Mama naye anaondoka. Nani atamwambia mambo ambayo mama humwambia binti?

Basi ilikuwa mwaka wa 1275 Hijria, yaani 1858 kwa hesabu ya Miladi. Akamwita Hashima asogee karibu, akae, awe na wino na karatasi. Akaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume (S.A.W.) na masahaba, kisha akatunga utendi wa beti zaidi ya mia moja, kila kipande mizani nane, kwa lugha ya kwao kaskazini. Jamani, mizani nane kila kipande, na vina havikosei, na mtu yuko kitandani! Wengine wetu tukishikwa na homa ya siku mbili hata kujibu salamu tunaona taabu.

Anamwambia bintiye kuwa anampa hirizi ya kujifunga na kidani cha lulu na marijani cha kuvaa shingoni. Hirizi yenyewe ni maneno, na kidani ni hayohayo maneno. Pengine mali ya dhahabu ilikuwepo, sijui, lakini hakuihesabu katika urithi huo. Kisha anaanza na dini: faradhi asiziache, na sunna akiweza azishike. Baadaye adabu, ulimi wa kweli, uaminifu, na kuchagua watu wa kufuatana nao. Halafu anamtajia watano ambao radhi zao lazima azitafute: Mola, Mtume, baba, mama, na mume.

Kwa mume ndipo alipokaa sana, na ndipo vijana wa leo, hasa dada zetu, wanapomkunjia uso. Hebu tuseme ukweli. Utendi huu ni wa zama zake. Ndani yake wamo watumwa wa nyumbani, na Hashima anaelezwa jinsi ya kukaa nao, jambo ambalo leo hatuwezi kulisoma bila kuumia. Na utii anaomtaka nao kwa mume ni mwingi mno kwa masikio ya wengi. Mtu ana haki ya kuyapima haya. Lakini ukisoma mafungu ya mume peke yake, kama wanavyofanya wengi, umemwacha mwandishi kitandani ukaondoka na ufagio wake tu.

Kwa sababu angalia anachokikumbuka mtu huyu anayekufa. Hatuambii habari za vita wala mizinga. Ngome ya Siyu, ambayo hadi leo imesimama kando ya maji, hana haja nayo. Anakumbuka udi wa nguo. Maua ya asumini shingoni, hina mikononi, wanja machoni. Nyumba iliyofagiliwa hata chooni. Kumnyoa bwana na kumpunguza ndevu. Kumtunza kama mtoto asiyejua bado kusema. Hivi ndivyo vitu tunavyovipita kila siku bila kuviona, na yeye, akiwa anaviaga, anavitaja kimoja kimoja kama mtu anayehesabu shanga asije akaidondosha hata moja. Harufu ya udi huisikii vizuri mpaka ujue hutaisikia tena.

Na katikati ya mawaidha hayo anasimama ghafla na kumzungumza marehemu mumewe. Jinsi walivyooana kwa furaha na kucheka, jinsi walivyokaa bila ya kugombana. Na mauti yalipomjia Bwana Mataka, alimtamkia mkewe kwamba yu radhi naye. Alipata radhi hizo kwa masikio yake. Miaka miwili imepita, naye ni mgonjwa, na bado hicho ndicho kitu anachotembea nacho. Ukifahamu hapo, utafahamu kwa nini amemkazania bintiye hivyo. Alikuwa anataka Hashima naye aje kuisikia sauti kama ile, isije siku ya kuagana ikamkuta na kinyongo cha mtu.

Halafu tena habari zinatoka nje ya nyumba. Anamwambia awe mcheshi kwa watu, awatazame wanyonge, asidharau mtu. Mwisho inakuja dua, ndefu, ya mama. Anawaombea watoto wake, ndugu zake na Waislamu wote. Anawaita wanawake wengine nao wausome. Juu ya nafsi yake hana mengi. Anajiita gharibu mwenye huzuni.

Jina lake, ndugu msomaji, lina maana ya kupata afueni. Kupona. Wazazi wetu wa pwani waliwapa watoto jina hilo kwa kutaraji. Hakupona, alifariki miaka michache baada ya utendi huo.

Na utendi? Ulinakiliwa kwa hati ya Kiarabu nyumba kwa nyumba, wasichana wa Lamu na Pate wakauhifadhi kwa moyo. Mwaka wa 1934 ukachapishwa Uingereza kama kitabu, ukiwa na tafsiri ya Alice Werner na William Hichens. Mwana Hashima mwenyewe Mola alimpa umri. Aliishi Lamu hadi ndani ya karne ya 20, bibi kizee, mamake akiwa kaburini kwa miaka arubaini na zaidi. Na watu waliokuwa wakitaka kuujua ule utendi, kwake walikuwa wanajua pa kuuliza.