Edsger Dijkstra, aliyeifundisha kompyuta kusubiri zamu

Simu yako hufanya kazi nyingi kwa pamoja. Mbili zikiandika mahali pamoja kwa wakati mmoja, taarifa huharibika. Leo tunamwangazia Mholanzi aliyelitafutia tatizo hilo dawa, Edsger Dijkstra, mzaliwa wa Rotterdam, 1930.

Alipofunga ndoa mwaka 1957 alitaka iandikwe kuwa kazi yake ni kuandika programu. Maofisa wa Amsterdam walikataa; kazi hiyo hawakuijua! Miaka michache baadaye aliazima wazo la reli: ishara inayoizuia treni mpaka njia iwe wazi. Kazi inayokuta njia imefungwa hulala, na inayotoka huiamsha.

Lakini kazi mbili zikishikiliana, kila moja ikingoja kilicho mikononi mwa mwenzake, hakuna inayosogea. Dijkstra alilieleza hilo kwa wanafalsafa watano mezani wenye uma tano, na kila mlaji anahitaji mbili. Wote wakishika moja moja, watakufa njaa. Siku hizi kiini cha mfumo kinaweza kuwekewa kikomo cha kusubiri: muda ukiisha, kazi hurudi bila ilichokitaka, lakini haigandi.

Dijkstra alifariki Agosti 2002 huko Nuenen, Uholanzi.