John Cockcroft, fundi wa umeme aliyepasua atomu

Batri ya telefoni inatoa karibu volti 3.7 tu. Lakini kuandika picha ao sauti ndani ya memori kunahitaji volti nyingi kuliko hizo. Zinatoka wapi? Zinapandishwa ndani ya chipi yenyewe, na kondansateri ndogo sana zinazopokezana umeme. Mmoja wa watu waliofanya njia hiyo ijulikane dunia nzima ni Mwingereza John Cockcroft.

Alizaliwa tarehe 27 Mei 1897 huko Todmorden, kaskazini mwa Uingereza, katika familia ya watu wa kiwanda cha pamba. Mwaka wa 1914 alianza kusoma hesabu Manchester, lakini vita ya kwanza ya dunia ikakata masomo yake. Alienda jeshini, upande wa mizinga, akashughulikia mawasiliano. Kisha vita, alisomea ufundi wa umeme, akatumika kwenye kampuni Metropolitan-Vickers. Ndipo akaingia Cambridge, kwenye maabara ya Cavendish ya professa Ernest Rutherford. Kwa hiyo alikuwa mtu wa fizikia, lakini pia mtu wa waya na transfo.

Wakati huo Rutherford alitaka kupasua kiini cha atomu kwa mashini. Ilionekana kwamba kazi hiyo ingeomba mamilioni ya volti, na hakuna aliyejua namna ya kuzishika bila kuunguza kila kitu. Mwaka wa 1928 kijana mmoja kutoka Urusi, George Gamow, alileta hesabu mpya. Cockcroft alizipima, akaona kumbe volti laki chache zingeweza kutosha. Alishirikiana na Ernest Walton, kijana wa Ireland, wakaanza kujenga.

Transfo yao ilitoa karibu volti 200,000, nao walitaka kufika mpaka 800,000. Hapo ndipo kondansateri ziliingia. Kondansateri ni kama bidoni: inachota umeme, inaushika, halafu inautoa. Bidoni moja likijazwa chini kisha likapandishwa juu ya lingine, maji yake yanashuka na nguvu zaidi. Cockcroft na Walton walipanga kondansateri nne kama ngazi. Kati yao waliweka diodi, yaani milango inayopitisha umeme upande mmoja tu, ili usirudi nyuma. Kila mara umeme wa transfo ulipogeuka, mzigo ulipanda kidato kimoja. Mswisi Heinrich Greinacher alikuwa amegundua ngazi hiyo mbele yao, lakini leo wengi wanaiita kwa majina ya hawa wawili.

Mashini yao haikuwa ya kujionyesha. Mirija mirefu ya kioo ilizibwa hata na udongo laini wa watoto wa kuchezea, ili hewa isiingie. Tarehe 14 Aprili 1932, Walton aliingia ndani ya kibanda kidogo chini ya mashini, akaona vimulimuli kwenye kioo cha kupimia. Aliwaita Cockcroft na Rutherford. Atomu ya lithiamu ilikuwa imepasuka, ikatoa viini viwili vya heliamu. Mwaka wa 1951 wote wawili walipewa zawadi ya Nobel.

Ile ngazi haikubaki kwenye maabara. Mwaka wa 1976 injinia John Dickson alionyesha namna ya kuiingiza ndani ya chipi. Shida ilikuwa hii: kwenye chipi kondansateri ni ndogo mno, na sehemu ya umeme inapotelea pembeni. Dickson alibadilisha mpango ili kila kidato kisukumwe moja kwa moja. Mpaka leo mainjinia wanapigana na hasara. Kondansateri tupu ikiunganishwa moja kwa moja na batri, nusu ya nguvu inayotoka inageuka joto. Dawa ni kutoiacha ishuke sana: unachota kidogo kidogo, mara nyingi sana kwa sekunde. Ukigeuza mpango huo, unashusha volti badala ya kuzipandisha. Kondansateri hizo za ndani si za koltani. Tantali inayotoka kwenye koltani, kama ile ya Rubaya kule Masisi, inatengeneza kondansateri zingine, zinazokaa nje ya chipi.

Vita ya pili ilimpeleka Cockcroft mbali na ngazi yake. Mwaka wa 1944 alipewa kuongoza maabara ya nuklea ya Montreal, Kanada. Miaka hiyohiyo, urani ya Shinkolobwe, Katanga, ilikuwa inapelekwa Marekani kwa kazi ya bomu. Tangu 1946 aliongoza kituo cha Harwell, Uingereza.

Wakati minara ya moshi ya kituo cha nuklea cha Windscale ilikuwa inajengwa, alilazimisha waweke vichujio juu yake. Ujenzi ulikuwa umekwisha kuanza, na gharama ilikuwa kubwa. Watu wakamcheka, wakaviita upumbavu wa Cockcroft. Tarehe 10 Oktoba 1957 moto ulikuwa unawaka ndani ya kituo. Sumu ilitoka, na maziwa ya mashamba ya jirani yakamwagwa. Lakini vichujio vilishika sehemu kubwa ya ile ambayo ingeangukia wakaaji. Kicheko kikakoma.

Mwaka wa 1959 alikuwa mkubwa wa kwanza wa Churchill College, Cambridge, na ndipo alipofariki tarehe 18 Septemba 1967. Alizikwa mjini humo, katika kaburi moja na Timothy, mtoto wake wa kwanza, ambaye yeye na bibi yake Elizabeth walimpoteza mwaka wa 1929, angali mdogo, mbele ya ngazi kupanda.