Joy Adamson Nje ya Sinema

Mtajie mtu jina la marehemu Bi. Joy Adamson, naye atakutajia simba Elsa. Ndivyo sinema ilivyotufunza. Lakini mimi, kila niyasomapo maisha ya mama huyu, naona kwamba sinema ilituonyesha upande mmoja tu.

Alizaliwa mwaka 1910 mjini Troppau, katika dola ya Austria ya zamani. Leo mji huo ni Opava, nchini Czech. Alifika Kenya mwaka 1937. Kabla ya kuwa mama wa simba alikuwa mchoraji. Alianza na maua, kisha serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kuwachora watu wa makabila ya nchi hii pamoja na mavazi na mapambo yao, ambayo mengi yalikuwa yameanza kuachwa. Alichora mamia ya picha, na mwaka 1967 akazitolea kitabu.

Mwaka 1956 mumewe George, aliyekuwa Bwana Nyama, alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia, akarudi nyumbani na watoto wake watatu. Wawili walipelekwa Rotterdam. Elsa akabaki, akafunzwa kuwinda, akarudishwa mwituni. Kitabu cha Born Free kilitoka mwaka 1960, sinema yake mwaka 1966 ikapata tuzo mbili za Oscar kwa muziki wake, na mwaka 1974 televisheni ya Marekani ikaonyesha mfululizo wa michezo kwa jina hilo hilo.

Sasa tuangalie. Katika kitabu yumo Nuru, aliyekabidhiwa ulezi wa wale watoto wa simba, na Makedde, askari wa wanyama. Katika sinema waliigizwa na Peter Lukoye na Omar Chambati. Je, kati ya waliotazama, ni wangapi wanaowakumbuka? Picha iliwafuata Wazungu wawili na simba wao, na watazamaji wa ng'ambo wakadhani Kenya ni nyika tupu. Kazi ya miaka ya mama yule yule, iliyojaa nyuso za watu wa nchi hii, haikupata sifa kama ile ya simba mmoja.

Hata kifo chake kilisimuliwa kisinema. Alipouawa huko Shaba tarehe 3 Januari 1980, habari za kwanza zilitangaza kwamba ameuawa na simba. Zilipokewa upesi kwa kuwa zilifanana na yale ambayo watu walikwisha kuyaona. Uchunguzi ulionyesha kwamba aliuawa na binadamu, na mwaka 1981 kijana aliyewahi kumfanyia kazi alitiwa hatiani. Sisi tuliofunzwa tangu chuoni kwamba habari huchunguzwa kabla ya kupokewa, hapo tuna la kuzingatia, hasa siku hizi ambapo kila simu ni sinema.

Nyumba yake, Elsamere, iko kando ya Ziwa Naivasha katika Kaunti ya Nakuru, nayo sasa ni makumbusho. Mzazi akiwapeleka wanawe huko, ni vyema. Lakini wakipita Nairobi, awaingize pia katika Jumba la Makumbusho, zinakohifadhiwa picha alizochora, wapate kuona watu ambao sinema haikuwa na nafasi yao.