Enzo Ferrari: Buda Aliyegeuza Ndinga Zake Skrapu, Moja Iliuzwa Zaidi ya Ksh Bilioni 7

Novemba 2023, kule New York, ndinga moja ya 1962 ilipigwa mnada na Sotheby's kwa dola milioni 51.7. Ukipiga hesabu kwa pesa yetu ya wakati huo, ilikuwa zaidi ya Ksh bilioni 7. Yaani kama keja moja ya Kilimani ni milioni 14, hizo ni keja 500, na chenji inabaki. Ndinga yenyewe ni Ferrari 250 GTO. Zilitengenezwa 36 pekee, na zikiwa mpya zilikuwa kama dola 18,000. Hata ukiwa na hiyo doo mkononi, mwenye kampuni alikuwa lazima akukubali kwanza ndio uuziwe.

Huyo mwenye kampuni ni Enzo Ferrari, na yeye hakuanza na doo.

Alizaliwa Modena, Italia, Februari 1898. Mzazi wake alikuwa na karakana ya vyuma. Mwaka wa 1916 baba akafa, na kabla mwaka uishe ndugu yake Alfredo naye akaenda. Enzo akaingia jeshi, akapewa kazi ya kuwapigia nyumbu viatu, akaugua karibu adedi, akarudishwa nyumbani. Vita kuisha, akaenda Turin kuomba kazi kwa Fiat na barua ya jeshi mfukoni. Wakamkatalia. Akaketi kwenye benchi ya bustani, baridi kali, akalia. Kama umewahi kutarmac tao na bahasha ya kaki mpaka ukaishia kuketi Jeevanjee, hiyo benchi unaijua.

Mwaka wa 1920 akawa dereva wa mashindano wa Alfa Romeo. Mwaka wa 1929 akaanzisha timu yake, Scuderia Ferrari, lakini magari bado yalikuwa ya Alfa. Hapa Nairobi jina hilo si geni: ile show ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, ambapo wasee wa Karen na Lavington huleta ndinga za zamani ziking'aa kama sahani, huandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo. Enzo na Alfa walikosana 1939, na mkataba ukamzuia kutumia jina lake kwenye mashindano kwa miaka minne. Ferrari ya kwanza ikatoka 1947. Mwaka wa 1951, Silverstone, Ferrari ikaipiga Alfa, na buda akalia tena.

Lakini ukitaka kumwelewa, muulizie kijana wake Dino. Alizaliwa 1932, akasomea uhandisi, na ugonjwa wa kumaliza misuli ukaanza kumla akiwa bado mdogo. Alipolazwa kitandani, Enzo na fundi mkongwe Vittorio Jano walikuwa wakiketi naye wakipanga injini ndogo ya V6. Dino alidedi Juni 1956, akiwa na miaka 24. Injini ikaitwa jina lake. Baadaye hata ndinga zikaitwa Dino, bila nembo ya Ferrari, na matajiri wengi wakazidharau kwamba si Ferrari halisi. Leo hizo zilizodharauliwa zinaenda kwa laki kadhaa za dola.

Na injini ya Dino ilifika hapa kwetu. Lancia Stratos, ile ndinga fupi kama kabari, iliwekewa V6 hiyo ya lita 2.4. Mwaka wa 1975 zikaja Safari Rally, zikatoka Nairobi kwenda kupambana na matope. Sandro Munari akamaliza wa pili, Björn Waldegård wa tatu. Nani alishinda? Ove Andersson, na Peugeot 504! Ndiyo, 504 ile ile iliyokuwa ikibeba abiria wa kwenda Kisumu. Stratos ilikuwa bingwa wa dunia miaka mitatu mfululizo lakini Safari haikuwahi kushinda. Leo iliyo safi huuzwa karibu nusu milioni ya dola au zaidi. Zilitengenezwa chini ya 500, basi.

Usidhani Enzo alikuwa malaika. Mwaka wa 1957, kwenye mbio za Mille Miglia, tairi ya Ferrari ilipasuka, ndinga ikaingia kwa watu: watazamaji tisa wakafa, watano wakiwa watoto, pamoja na dereva na msaidizi wake. Enzo alishtakiwa, akaachiliwa 1961. Nyumbani nako alikuwa na kijana mwingine, Piero, wa mwanamke mwingine, aliyeweza kubeba jina la Ferrari tu baada ya mkewe Enzo kufariki 1978. Na magari ya zamani hakuyalilia hata kidogo. Zile Ferrari 156 zenye pua ya papa, zilizotwaa ubingwa wa dunia 1961, zote ziligeuzwa skrapu. Hakuna hata moja ya asili iliyobaki. Fikiria ingekuwa bei gani.

Fiat, wale wale wa Turin, walirudi 1969 wakanunua nusu ya kampuni yake.

Alifariki Agosti 14, 1988, akiwa na miaka 90. Hapo soko likapata wazimu. GTO ikapanda hadi zaidi ya dola milioni 13 mwaka wa 1989, kisha uchumi wa Japan ukayumba, na katikati ya miaka ya 1990 ikawa kama milioni 3. Aliyeingia 1989 alingoja zaidi ya miaka 10 kurudisha doo yake, huku akilipa bima, fundi na mahali pa kuiweka. Ndio maana nikisikia mtu akisema ndinga ya zamani ni kama ploti, haishuki bei, mimi huuliza alinunua mwaka gani.

Siku hizi wenye pesa wapya wanaisaka F40, ndinga ya mwisho kuidhinishwa na buda mwenyewe, ya 1987. Hiyo nayo imeshapita dola milioni 2. Piero aliachiwa asilimia 10 ya kampuni. Hakuuza, na leo ni bilionea wa dola.