Hergé: Aliichora Congo bila kuikanyaga, kuifuta ikamshinda

Kwa mtu wa Mlowo, Congo si nchi ya kwenye katuni. Malori yanayopita hapa kwenye barabara ya TANZAM kuelekea Tunduma, mengine huvuka Zambia na kwenda mpaka Lubumbashi. Kwa hiyo Congo ni jirani, ni biashara, ni madereva wanaopita kila siku.

Lakini kwa watoto wengi wa Ulaya, Congo ya kwanza waliyoijua ilitoka kwenye kalamu ya kijana wa miaka 23 wa Brussels, ambaye hakuwahi kufika huko. Jina lake la kazi ni Hergé, baba wa Tintin, yule mwandishi wa habari mwenye kishungi cha nywele na mbwa mweupe.

Huyu ndiye mtu ambaye michoro yake bado inazua mjadala kila filamu ya katuni ya safari na hatari inapotoka.

Kijana wa skauti

Jina lake halisi ni Georges Remi. Alizaliwa tarehe 22 Mei 1907 Etterbeek, Brussels. Mwaka uliofuata, 1908, Ubelgiji iliichukua rasmi Congo kutoka kwa Mfalme Leopold II, baada ya dunia kupiga kelele juu ya ukatili wa kwenye mpira wa porini: watu kuuawa, kukatwa mikono, vijiji kuchomwa.

Hayo hayakuwa mambo ya kufundishwa kwa watoto wa Ubelgiji. Remi alikua akisikia kwamba nchi yake imepeleka ustaarabu Afrika. Alikuwa skauti, alipenda kuchora, na jina la Hergé alilipata kwa kugeuza herufi za mwanzo za majina yake: R na G, zikitamkwa Kifaransa.

Akapata kazi kwenye gazeti la Kikatoliki la Le Vingtième Siècle. Bosi wake alikuwa padri Norbert Wallez, mtu wa siasa kali za mrengo wa kulia. Mwaka 1928 Wallez akamkabidhi toleo la watoto, na tarehe 10 Januari 1929 Tintin akaonekana kwa mara ya kwanza, akiwa safarini kwenda Urusi ya Wakomunisti.

Congo ya kubuni

Hadithi ya pili Hergé alitaka iende Marekani. Wallez akakataa. Alitaka vijana wa Ubelgiji waipende koloni yao, ikiwezekana waende kufanya kazi huko. Basi kuanzia Juni 1930 mpaka Juni 1931, Tintin akawa Congo.

Hergé alifanyaje? Aliangalia vitu vya jumba la makumbusho la Tervuren, nje kidogo ya Brussels, akasoma simulizi za wamisionari, akachora. Matokeo yake ni Wakongo wenye midomo mikubwa kupita kiasi na lugha ya kuvunjikavunjika. Ni wavivu, ni waoga, na mzungu kijana anawatatulia kila kitu. Mwisho wanapiga magoti mbele ya sanamu ya Tintin na mbwa wake.

Wanyama nao hawakusalimika. Tintin anaua swala kundi zima, anamchuna nyani ngozi aivae, na faru anamlipua kwa baruti.

Kitabu kikapendwa sana. Mwaka 1931 gazeti likaandaa mapokezi kwenye stesheni ya treni Brussels: kijana mmoja akavalishwa kama Tintin na kofia ya kikoloni, akashuka mbele ya umati akifuatana na Waafrika. Yaani Congo ya kubuni ikapewa mapokezi ya kweli.

Rafiki mmoja akambadilisha

Mwaka 1934 Hergé alitangaza kwamba Tintin atakwenda China. Safari hii alikutanishwa na Zhang Chongren, Mchina aliyekuwa akisomea uchongaji Brussels. Wakawa marafiki. Zhang akamweleza historia ya kwao, maandishi ya kwao, na uvamizi wa Japani.

Hadithi iliyotoka, The Blue Lotus, ilikuwa kitu kingine kabisa. Ilicheka ujinga wa Wazungu kuhusu Wachina, badala ya kuwacheka Wachina. Kuanzia hapo Hergé akawa mtu wa kufanya utafiti kabla ya kuchora.

Hapa ndipo penye uzito wa maisha yake. Hakuhitaji kufika China ili aichore kwa heshima. Alihitaji mtu mmoja wa China wa kukaa naye meza moja, amwambie hapa umekosea. Kwa Congo, mtu huyo hakuwepo. Meza ilikuwa ya padri na bosi.

Vita, aibu na marekebisho

Ujerumani ilipoikalia Ubelgiji mwaka 1940, gazeti lake lilifungwa. Hergé akahamia Le Soir, lililokuwa chini ya Wajerumani. Hadithi moja ya kipindi hicho ilikuwa na mchoro wa kumkashifu tajiri wa Kiyahudi. Nchi ilipokombolewa Septemba 1944 alikamatwa kwa muda mfupi, na kwa takriban miaka miwili hakuruhusiwa kufanya kazi magazetini.

Mwaka 1946 ndipo Congo ilipochorwa upya kwa rangi. Somo ambalo Tintin aliwafundisha watoto wa Kiafrika kwamba nchi yao ni Ubelgiji liligeuzwa kuwa hesabu ya kujumlisha. Baadaye, katika toleo la miaka ya 1970 la nchi za Skandinavia, faru naye akaachwa hai.

Sura za watu? Zikabaki vilevile. Utawala ukapunguzwa kwenye maneno, lakini haukuondoka kwenye macho.

Uzeeni Hergé alikiri kwamba kitabu hicho kilikuwa kosa la ujana, na kwamba alichora fikra za jamii aliyokulia. Mwaka 1981 alikutana tena na Zhang, baada ya miaka mingi ya kupoteana. Alifariki tarehe 3 Machi 1983.

Mahakamani na kwenye skrini

Mwaka 2007 Mkongo aliyeishi Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikwenda mahakamani Brussels akitaka kitabu kizuiwe. Mwaka 2012 akashindwa. Mahakama haikuona nia ya kuchochea ubaguzi.

Na si Wakongo wote wanaokichukia. Mafundi wa Kinshasa wamekuwa wakichonga sanamu za Tintin na kuwauzia wageni. Mchoro uliowadharau wao wameugeuza mkate. Mtu anaweza kukicheka kitu na bado kikamuuma.

Watengeneza filamu nao waliamua kukwepa. Mfululizo wa katuni wa TV wa mwaka 1991 na 1992 uliiruka hadithi ya Congo. Filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 2011 ikachagua hadithi za meli, hazina na jangwa, na mwanzoni mchoraji wa mtaani mwenye sura ya Hergé anamchora Tintin.

Lakini utamu wa zama zile ukabaki. Kwenye mji wa kubuni wa Bagghar, Morocco, bwawa linapasuka na maji yanafagia mitaa wakati mashujaa wakikimbizana. Mtazamaji anafurahia mbio. Wenye nyumba zilizosombwa hawana majina, na hakuna anayerudi kuwauliza wataishi wapi.

Huo ndio mtego wa filamu za aina hii. Hazimtukani mtu, ila zinaikumbuka dunia ambayo Mzungu husafiri, na wengine wote ni mandhari ya safari yake. Mtoto wa Mlowo anayezitazama kwenye simu au kwenye kibanda umiza humshangilia Tintin, kama kawaida, kwa sababu ndiye pekee mwenye stori.

Kalamu nyingine

Vitabu vya Tintin vimeuzwa nakala zaidi ya milioni 200. Kuvifuta haiwezekani, na Hergé mwenyewe alijaribu akaishia nusu njia. Kinachowezekana ni kuongeza wachoraji.

Congo yenyewe imeshaanza zamani. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, amejijengea jina kimataifa kwa vitabu vya katuni, akiichora Afrika yenye watu wanaofikiri, wanaogombana, wanaopenda na wanaokosea. Kwenye kurasa kama hizo msafiri anaweza kuwa yeyote, hata Mkongo.

Zhang alimsaidia Hergé kwa kukaa karibu na kalamu yake. Baruti amefanya zaidi ya hapo: kalamu ni yake.