Eisenhower: Goti lililomtoa uwanjani miaka 32 kabla ya Normandy

Dunia inamkumbuka Dwight Eisenhower kwa mambo mawili. Alikuwa kamanda mkuu wa majeshi ya washirika yaliyotua Normandy, Ufaransa, Juni 6, 1944, na baadaye akawa rais wa 34 wa Marekani.

Lakini akiwa na miaka 22, kijana huyu hakuwa anaota ujenerali wala urais. Alichotaka ni kucheza mpira tu. Na msimu mmoja wa mwaka 1912 ukamnyang'anya mpira huo moja kwa moja.

Mtoto wa Abilene

Alizaliwa Oktoba 14, 1890, katika mji wa Denison, Texas, akakulia Abilene, Kansas. Nyumbani walikua wavulana sita. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha maziwa na siagi. Mama alikuwa mtu wa dini aliyechukia vita. Hawakulala njaa, lakini pesa ilikuwa ya kubana.

Akiwa kijana wa sekondari, alianguka akachubuka goti. Kidonda kikaoza na sumu ikaanza kupanda mguuni. Kwa masimulizi ya familia, madaktari walitaka mguu ukatwe, naye akakataa katakata. Akamwomba kaka yake Edgar alinde mlango ili asikatwe akiwa amezimia kwa homa. Edgar akalinda, na mguu ukapona.

Baadaye ikawa zamu ya Dwight kulipa fadhila. Baada ya kumaliza sekondari mwaka 1909, ndugu hawa wawili walikubaliana mmoja asome na mwingine afanye kazi ya kumlipia, kisha wabadilishane. Edgar akaenda Chuo Kikuu cha Michigan. Dwight akabaki kiwandani, akikesha kazini usiku.

Ndipo akasikia kwamba vyuo vya kijeshi vinasomesha bure. Aliupenda zaidi ule wa jeshi la majini, kumbe umri ulikuwa umeshampita. Juni 1911 akaingia West Point, chuo cha jeshi la nchi kavu kilichopo jimbo la New York. Kilichompeleka huko ni elimu ya bure na mpira. Vita havikuwa akilini mwake.

Msimu wa 1912

Mpira wenyewe ni futiboli ya Kimarekani, ule wa kubeba mpira mikononi na kuangushana. Wakati huo mchezaji yule yule alishambulia na kukaba, na kofia zilikuwa za ngozi laini.

Mwaka wa kwanza makocha walimwona mwepesi mno. Basi akala kwelikweli, akafanya mazoezi, na mwaka 1912 akapata namba katika timu ya kwanza. Timu ikiwa na mpira, yeye alikuwa mkimbiaji. Wakikaba, alisimama nyuma ya mstari wa mbele kuwaangusha wanaopenya. Magazeti ya New York yakaanza kumtaja kama kijana mwenye dalili nzuri.

Novemba 9 ikaja mechi ambayo bado inazungumzwa. West Point waliikaribisha Carlisle, timu ya shule ya bweni ya Wahindi Wekundu kutoka Pennsylvania. Shule hiyo ya serikali ilianzishwa mwaka 1879 kwenye kambi ya zamani ya jeshi, na watoto walioletwa huko walikatazwa hata kuzungumza lugha za kwao. Mauaji ya Wounded Knee, ambako jeshi la Marekani liliua mamia ya Walakota, yalikuwa na miaka 22 tu. Kwa vijana wa Carlisle, kucheza na makadeti wa jeshi hilo haikuwa mechi ya kawaida.

Nyota wao alikuwa Jim Thorpe, aliyekuwa ametoka kushinda medali mbili za dhahabu kwenye Olimpiki ya Stockholm miezi michache kabla. Eisenhower na mwenzake walipanga kumbana Thorpe kwa pamoja, mmoja juu na mwingine chini, ili atoke mchezoni. Mambo yakageuka. Wawili hao waligongana wao kwa wao, wakatolewa nje, na Thorpe akaendelea kukimbia. Carlisle walishinda 27 kwa 6. Miaka mingi baadaye Eisenhower bado alikuwa akimtaja Thorpe kwa sifa.

Goti linaachia

Wiki moja baadaye walicheza na chuo cha Tufts, na hapo Eisenhower akaumia goti. Halikuonekana jambo kubwa. Alikaa hospitali ya chuo siku chache, akaruhusiwa.

Muda mfupi baadaye akawa kwenye mafunzo ya farasi. Zoezi lilikuwa kuruka chini farasi akiwa mbioni, kisha kurukia tena mgongoni. Aliporuka, goti likaachia kabisa. Mguu ukawekwa plasta, na madaktari wakamwambia asahau futiboli.

West Point walimaliza msimu kwa kufungwa na mahasimu wao, chuo cha jeshi la majini, 6 kwa 0, Eisenhower akiwa hayupo uwanjani.

Jamaa alivunjika moyo vibaya. Masomo yakashuka, sigara zikaongezeka, na zaidi ya mara moja alitaka kuacha chuo. Wenzake waliokuwa wakiishi naye ndio waliomshika asiondoke.

Kazi ya pembeni ya uwanja

Kwa kuwa hakuweza kucheza, akajipa kazi nyingine. Akawa kiongozi wa washangiliaji, kisha akapewa kufundisha kikosi cha vijana. Huko akagundua kitu ambacho hakukijua alipokuwa akicheza: anaweza kuangalia watu kumi na moja, akajua nani awekwe wapi, na akawafanya wacheze kama mtu mmoja.

Hata hivyo goti halikumwacha. Alipokaribia kuhitimu mwaka 1915, daktari mkuu wa chuo alisita kumpendekeza kwa kamisheni. Mwishowe alikubaliwa kwa sharti la kutoomba kikosi cha farasi. Akatoka luteni usu wa askari wa miguu, akiwa wa 61 kati ya wahitimu 164. Darasa hilo lilikuja kutoa majenerali 59.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa San Antonio, Texas. Huko akafundisha futiboli katika shule ya kijeshi ya Peacock, na mwaka uliofuata katika chuo cha St. Louis, timu iliyokuwa imezoea vipigo. Chini yake ikaanza kushinda.

Sifa hiyo ikamgeukia. Jeshi likawa linamwita kila mara kufundisha timu za kambini, wakati yeye anatafuta kazi za kijeshi hasa. Vita vya Kwanza vya Dunia viliisha akiwa bado Marekani anafundisha askari wa vifaru. Baada ya hapo alikaa na cheo cha meja kwa miaka 16.

Vita vya pili vilipokuja, kazi iliyohitajika ndiyo ile aliyoanza kujifunza pembeni ya uwanja. Kulikuwa na majenerali wa Marekani na Uingereza wenye majivuno, kila mmoja akiamini mpango wake ndio bora, na mtu alihitajika wa kuwafanya wavute upande mmoja. Siku ya kwanza ya Normandy, zaidi ya askari 150,000 walivuka bahari chini ya amri yake. Miezi mitatu baadaye, ndege yake ndogo ilitua kwa dharura ufukweni. Akasaidia kuisukuma isichukuliwe na maji, na akaumia goti akalazwa.

Uzeeni aliandika kuwa alipochagua makamanda, mara nyingi waliowahi kucheza futiboli walimridhisha. Aliamini mchezo huo unafundisha kazi ngumu na kutegemeana kuliko michezo mingine.

Alifariki Machi 28, 1969, akiwa na miaka 78, akazikwa Abilene katika jeneza la kawaida la askari.