Daktari wa Jicho Moja na Funzo kwa Masalani

Hapa Masalani, kando ya Mto Tana, mtu akilalamikia tumbo huambiwa ana vidonda. Anywe dawa ya kutuliza asidi na apunguze mawazo. Ni wachache wanaouliza kidonda kimetoka wapi. Basi nawakumbusha walimu na wanafunzi maisha ya mtu aliyezoea kuuliza, marehemu Denis Burkitt.

Alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka wa 1911. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja, lakini kilema hicho hakikumzuia kuwa daktari wa upasuaji. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili alilitumikia jeshi la Uingereza nchini Kenya na katika nchi ya Wasomali. Mwaka wa 1946 alihamia Uganda, kwanza Lira, kisha Hospitali ya Mulago, Kampala.

Huko Mulago, mnamo 1957, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Punde si punde akamwona wa pili, mjini Jinja. Hakuridhika na kukata na kushona tu. Aliziandikia barua hospitali nyingi za Afrika, na mwaka wa 1961 yeye na wenzake wawili wakasafiri kwa gari yapata maili 10,000, hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza uvimbe ule waonekana wapi. Jibu likachorwa ramanini: nchi za chini zenye joto na mvua, makao ya malaria.

Mwaka wa 1964 Anthony Epstein na wenzake jijini London walitangaza kuona virusi ndani ya seli za uvimbe huo, zilizotoka Uganda. Ndivyo ulimwengu ulivyoanza kukubali kwamba maambukizi yaweza kuzaa saratani ya binadamu.

Burkitt alifariki mwaka wa 1993. Mwaka uliofuata, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliitaja bakteria ya helikobakta pilori kuwa chanzo cha saratani ya tumbo. Huishi tumboni miaka na miaka, ikiuchoma utando wa ndani hadi udhoofike na seli zake zigeuke. Wengi walioambukizwa hawafikii hapo, lakini hakuna ajuaye mapema nani atafikia. Kipimo kipo, na viuavijasumu vipo.

Kwa hiyo, mwanafunzi anayeumwa tumbo kila muhula asitulizwe kwa vidonge vya dukani tu. Apelekwe akapimwe. Maumivu yaliyonyamazishwa si maumivu yaliyopona.